Neno kwa Walimu: Mwite Kando

Someni Matendo ya Mitume, mlango wa 18. Apolo wa Iskanderia alikuwa hodari katika Maandiko, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, washona hema, walimsikia katika sinagogi la Efeso. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza yaliyompungukia. Naye, mwenye elimu, hakukataa kufundishwa na mafundi. Baadaye akawasaidia sana waamini wa Akaya.

Basi mwalimu, mwanafunzi akikosea kusoma, usimcheke darasani. Wako walioacha kuja, si kwa kulichukia Neno, bali kwa kuuogopa ulimi wa mwalimu. Mngoje, kisha mwite kando. Nawe ukikosea, kubali kuelezwa, hata na mkeo. Prisila naye alikuwa mke wa mtu.