Bibi Asitafsiriwe na Mjukuu Wake

Ndugu zangu wa Nkololo na Bariadi nzima, nina ombi kuhusu bibi zetu.

Wengi wao lugha yao ni Kisukuma, na Kiswahili wanakisikia zaidi ya kukisema. Nesi anayewapokea kituoni huenda amepangiwa kazi huku akitokea Mbeya au Kagera. Amejifunza salamu ya "mwangaluka", amejifunza kumwita mama mtu mzima "mayu", na hapo ndipo Kisukuma chake kinapoishia. Basi anayefasiri ni mjukuu wa darasa la sita aliyemleta bibi kwa baiskeli. Nesi anauliza: kuna damu yoyote inayotoka ukeni? Mtoto anainama. Bibi, akiona uso wa mjukuu, anasema kichwa ndicho kinachomsumbua. Anapewa dawa ya kichwa, anarudi nayo nyumbani pamoja na ugonjwa uleule.

Hakuna aliyekusudia ubaya pale. Hata hivyo bibi hakusikilizwa, na siri yake haikuwa na mahali pa kukaa. Na damu kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi si jambo la kuahirisha. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika.

Maadili ya uuguzi tunayasema kwa maneno makubwa: utu, ridhaa, usiri, usawa. Nesi anayakuta kwenye vitu vidogo. Je, pazia linafunga? Je, jina la mgonjwa na ugonjwa wake vinatajwa kwa sauti mbele ya benchi zima? Je, mama ameelezwa sindano ni ya nini kabla ya kuchomwa, akapewa nafasi ya kuuliza, hata ya kukataa? Mama akichagua njia ya uzazi wa mpango, je, habari hiyo itabaki chumbani au itatangulia kufika nyumbani? Kijijini tunajuana wote, ndiyo maana siri ya huku ni dhaifu kuliko ya mjini.

Sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yatunzwe kwa siri, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010, ndilo linalosajili wauguzi na kushughulikia malalamiko ya kimaadili dhidi yao. Lakini sheria haifasiri Kisukuma.

Na tusimtupie nesi kila kitu. Huyo aliyekujibu kwa mkato asubuhi huenda alikesha peke yake akizalisha. Mgonjwa ana haki ya lugha ya staha. Nesi naye anastahili hiyohiyo kutoka kwetu. Tena sisi ndugu wa mgonjwa ndio tunaoingia wodini na simu, tunapiga picha ya majeruhi, na kabla ya jua kuzama iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Aliyelala pale nani alimwomba ruhusa?

Ninachoomba kinawezekana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, nao wanajua Kisukuma. Kila kituo kiwe na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watu wazima, walioelekezwa kutunza siri na wanaojulikana kwamba hawana mdomo mwepesi, waitwe pale lugha inapogoma. Bibi aulizwe kwanza anamtaka nani, maana hata mfasiri mzuri anaweza kuwa mkwewe. Mjukuu asubiri nje na baiskeli yake.

Kamati ya usimamizi ya kituo ina wawakilishi wetu wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao, kabla hatujafika kwenye bei ya pamba (tukifika huko hakuna anayesikiliza lingine), mmoja wetu anyooshe mkono, aiombe kamati ilete majina mawili ya wafasiri na makadirio ya mapazia.