Rangi Tatu Zamtosha Mwanafunzi

Kilima cha Nsambya, kusini-mashariki ya katikati ya jiji la Kampala, kimepata jina lake kwa mti. Mti huo ni musambya, ambao maua yake ni ya manjano yenye kung'aa, na kooni mwake mna michirizi myekundu. Mwanafunzi wa Nsambya anayeanza uchoraji hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tawi moja la musambya, likitiwa ndani ya chupa ya maji na kuwekwa barazani, lina somo zima la rangi.

Hata hivyo, somo hilo huwashinda wengi. Mtoto hukoroga kijani, ikatoka rangi ya tope. Huongeza manjano ili kuifufua, kisha buluu, kisha nyeusi, hata rangi ikaisha kabla jani moja halijakamilika. Mzazi huona fedha zake zimepotea bure, naye mtoto huamini kwamba hakuzaliwa na kipaji. Aghalabu wote wawili hukosea. Kilichopungua si kipaji, bali ni utaratibu wa kuchanganya.

Katika sanduku la mwanafunzi rangi za msingi ni tatu: nyekundu, manjano na buluu. Manjano na buluu huzaa kijani. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu huzaa zambarau. Isaac Newton, katika kitabu chake juu ya mwanga kilichotolewa mwaka 1704, alizipanga rangi katika duara, na hadi leo wachoraji hulitumia duara la namna hiyo kama ramani. Rangi zilizo jirani katika duara husikilizana. Zinazotazamana, yaani nyekundu na kijani, manjano na zambarau, buluu na chungwa, huzimana zikichanganywa, kwani hapo rangi zote tatu za msingi huwa zimekutana. Huko ndiko litokako tope.

Sasa na litazamwe lile tawi. Kazi ianze kwa ua, maana manjano ni rangi nyepesi na huchafuka upesi. Maji yawe katika makopo mawili: moja la kuoshea brashi, la pili la kuchukulia maji safi. Michirizi ya kooni ichorwe kwa nyekundu baada ya manjano kukauka. Ikipakwa mapema, ua zima litageuka chungwa.

Kwa jani, manjano ndiyo itangulie sahanini, kisha buluu itiwe kwa ncha ya brashi, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Anayetanguliza buluu hulazimika kumwaga manjano tele kabla ya kuiona kijani, kwani buluu huimeza manjano kwa urahisi. Kijani ikiwa kali kuliko jani lenyewe, isiongezwe nyeusi. Tone dogo la nyekundu, rangi inayotazamana nayo, litaituliza.

Kivuli cha ua ndicho mtego mkubwa. Mwanafunzi hudhani kivuli ni weusi, akatia nyeusi katika manjano, na mara ua likawa la kijani kibichi kilichofifia. Dawa yake ni zambarau kidogo sana. Na zambarau yenyewe ikitoka imepooza, mwanafunzi asiulaumu mkono wake: nyekundu nyingi za dukani zina umanjano ndani yake, hivyo akichanganya mbili kwa kweli amechanganya tatu. Na atafute nyekundu inayoelekea waridi.

Shina na udongo uliolizunguka hutaka kahawia. Hapo lile tope lililoogopwa huwa na kazi: nyekundu nyingi, manjano kiasi, na buluu kidogo. Udongo wa Kampala ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu ndani yake. Rangi ikiwa imekwisha, udongo wenyewe waweza kukaushwa, kusagwa, kuchekechwa na kukorogwa kwa gundi, ukapakwa karatasini.

Kabla ya kupaka, kila mchanganyiko ujaribiwe juu ya kipande cha karatasi na kuachwa ukauke, kwani rangi ya maji hufifia ikikauka. Kando yake yaandikwe matone yaliyotumika. Karatasi hiyo ihifadhiwe. Baada ya muhula mmoja itakuwa kitabu cha mwanafunzi mwenyewe.

Mzazi asione haya kununua rangi tatu na nyeupe moja badala ya sanduku la rangi ishirini na nne. Hata picha za rangi magazetini huchapwa kwa wino wa rangi nne tu. Margaret Trowell naye, kabla masomo ya sanaa hayajaanza rasmi Makerere, aliwafundisha wanafunzi wake wa kwanza barazani kwake, hapo hapo Kampala. Baraza haikosekani Nsambya, wala tawi la musambya. Mtoto aliyeharibu jani la kwanza apewe karatasi ya pili, maji safi, na nafasi ya kuanza tena kwa manjano.