Mambo ya Shamba na Nyumbani: Udongo wa Kuoteshea Miche



Mtu akijenga nyumba hutazama kwanza msingi. Walakini mtu akitaka kuotesha mche, mara nyingi huchota udongo wowote ulio karibu na mlango, akautia katika viriba, kisha humwachia Mungu yaliyosalia. Ni kweli, Mungu ndiye aoteshaye. Lakini kazi ya kutengeneza mahali pa mbegu ametupa sisi.

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimekwisha kukosa. Mwaka mmoja nilinunua mbegu za kahawa kwa jirani yangu, mzee wa kanisa, nikajaza viriba 300. Kwa haraka nilitwaa udongo mwekundu wa uani, nikauchanganya na samadi iliyotoka zizini juma lile lile. Mbegu nyingi zikaoza. Zilizochipua zikageuka manjano, zikaanguka. Miche iliyosalia haikufika 40. Ndipo nikasema barazani, mbele ya watu, ya kwamba mzee yule ameniuzia mbegu mbovu. Neno likamfikia, naye akanyamaza.

Siku nilipomwaga viriba vile ili nivitumie tena, nikaona ncha za mizizi zimekuwa nyeusi kama zilizounguzwa, na udongo wa chini umeshikamana kama tofali, nao wanuka mkojo wa ng'ombe. Nikapita penye kitalu cha yule mzee, nikaona miche yake, ya mbegu zile zile, imesimama mibichi. Jioni ile nikaenda kwake, nikasema, "Mzee, nimekukosea, nami nimelichafua jina lako." Akajibu, "Mwalimu, mbegu ilikuwa njema. Njoo asubuhi nikuonyeshe udongo." Mengi katika haya niandikayo nimeyapata kwake.

Tujue kwanza hasara ilivyo kubwa. Katika nchi yetu ya Mbozi, Momba na Tunduma, mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili. Mche wa kahawa hukaa kitaluni miezi 6 hata 12. Basi, anayepoteza miche yake kabla ya mvua hungoja mwaka mzima. Na tangu kupanda shambani hata kuvuna yapata miaka 3. Karai moja la udongo mbaya laweza kula ada ya shule ya mtoto.

Udongo mwema wa kuoteshea una mambo matatu: washika maji kiasi, wapitisha maji yaliyozidi, na una chakula kisicho kikali. Udongo wetu mwekundu ni mzuri shambani, lakini ukiwa peke yake ndani ya kiriba hushikamana, na mizizi hukosa hewa. Kwa hiyo twauchanganya hivi kwa miche ya kahawa:

Udongo wa juu, ulio mweusi, debe 3.
Samadi iliyooza kabisa, au mboji, debe 2.
Mchanga wa mtoni, debe 1.

Kama udongo wako ni mfinyanzi mzito, ongeza mchanga kidogo. Chekecha vyote, ondoa mawe na mizizi, kisha changanya kwa chepeo mara tatu, hata rangi iwe moja.

Udongo wa juu utwae chini ya miti yako mwenyewe. Usiende kuukwangua msitu wa hifadhi, maana utakuwa umeotesha miche yako kwa kuua miche ya wengine. Usiutwae penye bustani ya nyanya, kwa kuwa mara nyingi mna minyoo midogo ifanyayo mafundo katika mizizi. Samadi ilazwe miezi 3 hata 6, ifunikwe, igeuzwe. Ikiwa bado ina moto ndani, au yanuka, haijawa tayari. Iliyo tayari ni nyeusi, yavunjika mkononi, nayo yanukia kama udongo wa mvua ya kwanza. Maganda ya kahawa nayo yafaa, lakini sharti yaoze vivyo hivyo. Mchanga uoshwe, wala usitolewe penye chumvi. Kule Ivuna, katika Momba, watu wa kale walichemsha chumvi kutoka katika ardhi yao. Ni mahali pema kwa mwenye chungu cha chumvi, si kwa mwenye kitalu. Majivu ya jikoni usiyazidishe, kwa maana kahawa hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu huuondoa.

Kwa mbegu ndogo za mboga, kama kabichi, nyanya na vitunguu, tumia sehemu sawa za udongo, mboji na mchanga, vyote vimechekechwa vizuri. Hazihitaji chakula kingi mwanzoni, kwa kuwa mbegu imechukua posho yake ndani yake.

Ikiwa miche yako huanguka shingoni kama iliyokatwa, huo ni ugonjwa wa kinyausi, nao hukaa katika udongo. Dawa yake ya nyumbani ni moto. Tia udongo wenye unyevu katika nusu ya pipa, ufunike, uweke juu ya moto mdogo, na katikati yake zika kiazi kibichi cha mviringo. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Uondoe mara moja. Usiuunguze, maana udongo uliozidi moto hudhuru miche. Uache upoe siku kadhaa kabla ya kuutumia. Tena, usimwagilie maji kupita kiasi, wala usisonganishe mbegu, kwani kinyausi hupenda mahali penye maji mengi na hewa kidogo.

Kabla ya kujaza viriba vyote, jaribu udongo wako. Finyanga konzi moja ukiwa na unyevu: ukishikamana, kisha ukavunjika ukiguswa kwa kidole, ni mwema; usipovunjika, ongeza mchanga; usiposhikamana kabisa, ongeza mboji. Kisha panda mahindi machache au maharage katika viriba vitatu. Baada ya siku 10, yakisimama mabichi na manyofu, jaza vilivyobaki. Mimi ningalifanya hivyo, ningalipoteza viriba vitatu, si mia tatu; wala nisingalimsingizia mtu.

Neno moja zaidi, nalo ni zito. Kiriba cha kahawa kiwe na kimo cha sentimita 20 hata 25, na unapohamisha mche toboa shimo refu kwa kijiti. Mzizi mkuu ukikunjwa, mche utaota, utapendeza, na utaupanda kwa furaha. Lakini baada ya miaka michache mti utageuka manjano na kufa, nawe hutajua sababu. Mzizi ukiwa mrefu mno, kata ncha yake kwa ukucha kuliko kuukunja.

Mwenye swali na aende Mbimba, karibu na Vwawa, penye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, iliyoanzishwa mwaka 2001. Huko waweza kuuliza pia habari za aina za kahawa zivumiliazo chulebuni na kutu ya majani.

Ninyi walimu, kazi hii yafaa sana kwa watoto. Wapeni kila mmoja kopo, wachanganye wenyewe, waandike vipimo vyao, na mwisho wa mwezi walinganishe.

Bwana wetu alisema habari za mtunza shamba aliyeuombea mtini usiozaa mwaka mmoja tena, ili aupalilie na kuutilia samadi. Hakuulaumu mti, alianza na udongo. Tufanye vivyo hivyo kitaluni, na nyumbani kwetu pia: mtoto akinyauka katika masomo au katika imani, tuchimbue kwanza pale alipopandwa, kabla hatujainena mbegu vibaya.

Mzee yule angali jirani yangu. Mwaka uliofuata alinipa mbegu tena, wala hakutaka malipo.