Redio Yajua Ugonjwa wa Injini

Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya mafundi wetu hubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Pikapu kuukuu ya petroli, tuseme Peugeot 504, ikianza kukohoa, kabureta hulaumiwa mara moja, na mwenyewe, ambaye riziki yake ni kubeba kabeji, hulipishwa. Kumbe redio ya gari imekwisha kusema! Mkwaruzo wa ta-ta-ta unaoharakisha pamoja na injini aghalabu hutokana na umeme wa plagi. Mvumo mwembamba, alteneta. Basi boneti na ifunguliwe gizani, injini ikinguruma: waya wa plagi uliopasuka huweza kutoa cheche za samawati. Usiuguse! Mteja ana haki ya kuonyeshwa hayo kabla ya kutoa shilingi yoyote.