Nani alitudanganya kwamba besi lazima iwe mzigo?

Wadau, leo mnivumilie, naandika nikiwa na hasira kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye mazoezi ya bendi moja ambayo huwa naisaidia pale mpiga besi wao anapokosekana. Nilikuwa nimebeba gitaa langu fupi mgongoni. Kiongozi wa bendi, mtu mzima ninayemheshimu sana, akaliangalia, akacheka, akaniuliza mbele ya watu wote: "Dogo, hiyo umemnunulia mwanao?" Watu hawana mbavu. Mimi sina mtoto. Nikacheka nao, maana ungefanya nini, kisha nikapiga saa tatu nzima na hakuna aliyelalamikia sauti. Lakini ile kauli imenikaa kooni mpaka leo. Nimeisikia mara nyingi mno, na nasema hivi: ni uongo, tena ni uongo unaotugharimu wapiga besi.

Tuanze na hilo gitaa "la kweli". Leo Fender alipotoa Precision mwaka 1951 aliipa nyuzi zenye urefu wa inchi 34, yaani kama sentimita 86 kutoka kwenye daraja hadi pale nyuzi zinapoingia kichwani. Ikafanya kazi vizuri, dunia ikafuata. Sawa. Lakini huo ni uamuzi wa fundi mmoja Marekani, haukushuka na malaika. Besi ya Höfner aliyonunua Paul McCartney mjini Hamburg mwaka 1961, ile yenye umbo la fidla, ina inchi 30 tu. Beatles hao! (Iliibwa mwaka 1972, na habari za kurudishwa kwake zikatangazwa mwaka 2024. Wepesi nao una hasara zake.) Stanley Clarke, ambaye mpiga besi yeyote akimsikia anaweka gitaa chini kwanza na kutafakari maisha yake, amejenga jina lake kwa Alembic fupi. Kuna aliyethubutu kumuuliza kama amemnunulia mwanawe?

Sasa, mimi si shabiki kipofu. Besi fupi ina tatizo lake, na wauzaji hawatawaambia. Ukipiga noti ileile kwa uzi wa unene uleule, mvutano wa uzi unapungua kwa mraba wa urefu wake. Piga hesabu: kutoka inchi 34 kwenda 30 umepoteza kama asilimia 22. Kwenye inchi 28.6, kama ile Ibanez Mikro, umepoteza karibu asilimia 29. Ndiyo maana ule uzi mnene wa E unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, unagongagonga shingo, na noti inapanda kidogo ukibonyeza kwa nguvu. Dawa yake ni seti ya nyuzi zilizotengenezwa kwa besi fupi, zenye E iliyo nene zaidi, pamoja na mkono mwepesi. Hilo la pili limenisaidia kuliko mwalimu yeyote. Nilizoea kupiga kama natwanga mahindi.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakwambia inchi 30. Za chini ya hapo ziwe za mwenye mikono midogo au mwenye begi dogo kweli kweli. Zile ndogo kabisa zenye umbo la ukulele na nyuzi laini kama mpira, mfano U-Bass ya Kala, zinatoa sauti tamu inayokaribia besi kubwa ya kusimama, na urefu wake haufiki hata sentimita 80. Nazipenda. Ila ukizoea hizo tu, siku ukishika besi ya chuma vidole vitalia na utadhani umehamia chombo kingine. Maana kweli umehamia. Na kama mtu ameng'ang'ania inchi 34 zake, basi kuna zisizo na kichwa, wazo ambalo Ned Steinberger alilipatia umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unakata kichwa, funguo zinahamia kwenye kiwiliwili, nyuzi zinabaki na urefu wote na gitaa linapungua. Akili hiyo.

Haya, tuje kwenye amplifaya, maana huko ndiko ujinga umejazana.

Ampeg walitoa SVT mwaka 1969, wati 300, na kabati lenye spika 8 za inchi 10. Kubeba kitu hicho kunahitaji vijana wawili wenye afya na dereva wa pikapu mwenye huruma. Ilitengenezwa kwa majukwaa makubwa, enzi ambazo mitambo ya ukumbi ilikuwa dhaifu. Siku hizi besi inaingia moja kwa moja kwenye miksa na fundi mitambo ndiye anayeamua watu wasikie nini. Sasa wewe unayepanga chumba kimoja Sinza, ukuta mmoja unagawana na mtoto mchanga wa jirani, spika nane za nini?

Wengine wanajibu kwa kununua kile kispika cha mezani cha inchi tatu. HAPANA. Uzi wa E unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kuusikia kutoka upande wa pili wa chumba kunataka hewa nyingi isukumwe. Kispika hicho hakina ubavu huo. Kinachokufikia ni ile mitetemo ya juu tu, na sikio lako linakisia iliyobaki. Unafanya mazoezi mwaka mzima hujui noti zako za chini zinaishia wapi.

Hedifoni haina shida hiyo, kwa sababu hewa ya kusukuma ni ile kidogo iliyo kati yake na ngoma ya sikio. Nunua nzuri, inayofunika sikio lote, na iwe ya WAYA. Za bluetooth zinachelewesha sauti. Ukiangalia filamu simu inarekebisha picha ikubaliane na sauti, lakini hakuna wa kurekebisha kidole chako. Unapiga sasa, unasikia baadaye, mdundo umekwenda. Halafu unachomeka kidude kama amPlug ya Vox ya besi, kinachoingia kwenye tundu la gitaa lenyewe na kutumia betri mbili ndogo za AAA. Kina tundu la kuunganishia simu, unaweka wimbo, unapiga juu yake. Umeme ukikatika unaendelea. Usifungulie sauti mpaka mwisho tu, masikio hayana spea.

Gitaa fupi, hicho kidude, hedifoni, waya, betri za akiba. Vyote unabeba mgongoni na bado una mkono wa kushikilia bomba ndani ya daladala.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hasira yote hii kwa ajili ya utani wa Jumamosi?

Kwa sababu utani huo una historia. Muziki wa dansi wa nchi hii ulijengwa juu ya mtu anayeitwa mwenye vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na Polisi walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Kisha wakaja watu binafsi wenye pesa, na mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, akawavuta nyota kadhaa wa Mlimani Park wahamie kwake. Tukiwa watoto tulisimuliwa uhamisho wa namna hiyo kama mechi ya Simba na Yanga. Lakini angalieni nani alikuwa anahama: watu. Magitaa na spika havikuhama, vilikuwa vya mwenye mali. Sisemi mfumo ule haukuzaa muziki mzuri, masikio yangu yangenisuta. Nasema ulituachia mazoea mabaya: mwanamuziki anaweza kupiga chombo miaka ishirini na asiwe na chake nyumbani.

Nina mshikaji wangu, mpiga besi anayenizidi kwa mbali. Aliachana na bendi yake baada ya kugombania malipo. Siku hiyo hiyo akawa hana gitaa, maana lilikuwa la bosi. Hata alipokuwa kwenye bendi hakuruhusiwa kwenda nalo nyumbani. Mazoezi yake yalikuwa ni yale ya pamoja Jumanne na Alhamisi, basi. Mwaka umepita hajagusa uzi. Nilipomshauri atafute besi fupi na hedifoni, akanijibu kwamba anakusanya pesa za "mashine ya maana". Inchi 34, na spika lake. Hesabu yake inataka miaka mitatu. Vidole havisubiri miaka mitatu.

Mnaona sasa? Ile "umemnunulia mwanao" haiwaumizi wenye mali. Inamuumiza huyu. Inamwaminisha kwamba kilicho ndani ya uwezo wake si chombo, ni aibu, kwa hiyo abaki mikono mitupu mpaka atakapotokea bosi mwingine. Besi fupi mpya ya bei ya chini huko nje hailingani hata na simu ambazo wengi wetu tunatembea nazo mfukoni. Kuisafirisha ndiko kunapandisha bei, nakubali, na zilizotumika zipo kwa anayetafuta kwa subira.

Na huyo kiongozi wangu wa bendi, mzee wangu, shikamoo. Jumamosi ijayo sitakuwepo. Bunge la bajeti linaanza, mhariri ananituma Dodoma, na nitakaa huko wiki kadhaa kwenye nyumba ya wageni yenye kuta nyembamba kama karatasi. Gitaa linakwenda na mimi kwenye treni, juu ya kiti, pamoja na betri nane. Kama mpiga besi wako atakosekana tena, mshikaji wangu niliyemtaja yupo, na kuanzia Ijumaa atakuwa na besi yangu ya pili, ile nyekundu, fupi vilevile. Mcheke kwanza kama kawaida, halafu mwache apige.