Mama anaposahau, tusiseme ni uzee tu

Msikilizaji, mama akipotea njia ya shamba alilolima miaka 40, wengi husema ni uzee. Wengine hunong'ona uchawi.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na wenzao wa KCMC, Moshi, waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya Hai. Takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu.

Sera inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bure kuanzia miaka 60. Lakini msamaha huo haumsaidii mzee ambaye familia yake haijui kwamba anaumwa. Dimenshia haina dawa ya kuiponya, ila usahaulifu mwingine, kama unaoletwa na maambukizi, hutibika. Mpelekeni apimwe mapema.