Hongo ya njia: kura ya Januari 21 ikitazamwa kutoka Kwihara



Jumanne ijayo, Januari 21, 2025, wajumbe wa Mkutano Mkuu wanaingia Mlimani City kuchagua mwenyekiti wa taifa. Freeman Mbowe, aliyekishika chama tangu 2004, anapambana na Tundu Lissu, makamu wake. Charles Odero naye yumo na tumpe heshima yake, ila kila mtu anajua mpambano uko wapi. Na kila mtu anajua hii si kura ya mwenyekiti tu. Atakayeshinda ndiye atakayekuwa na sauti kubwa kuliko wote kuhusu Oktoba: tunaingia kwenye uchaguzi mkuu au hatuingii, kwa masharti gani, na nani anabeba bendera. Kwa hiyo tusidanganyane. Hii ni kura ya maoni ya urais iliyovaa koti la uenyekiti.

Nimezifuatilia kampeni zake kwenye simu kama nyie wote, na nimechoka na jambo moja. Tumegawana majina kama watoto wa mtaani. Huku "wa busara", kule "wenye msimamo". Ukiwa na Mbowe wewe ni chawa, umenunuliwa. Ukiwa na Lissu wewe ni mwanaharakati, hujui siasa. Halafu mtu anayetukana hivyo ukimuuliza mgombea wake atafanya nini Februari, Machi, Aprili, anakutumia kikatuni.

Wiki iliyopita hoja ya wenye busara ilifika hadi kwetu Tabora. Wanasema: kumbukeni Uamuzi wa Busara, 1958. Sasa hapo wamegusa nyumbani, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kwa asiyejua: Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, na nusura chama kipasuke. Mkoloni alileta uchaguzi wa kura tatu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kupiga kura kwenyewe kulitaka uwe na kipato, elimu au cheo fulani. Yaani mkulima wa Unyanyembe alikuwa nje kabisa. Wajumbe wengi walikuja wamekaza: tususie. Nyerere, ambaye mji huu aliujua vizuri, maana alisoma Tabora School na baadaye akafundisha St. Mary's, alisimama akasema tukisusa tunawaachia wengine Baraza la Kutunga Sheria. Akawageuza. TANU ikaingia, na kati ya Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea wenye baraka zake wakazoa viti. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha African National Congress. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere akaambulia kama asilimia mbili.

Hapo msimuliaji wa mtandaoni hufunga kitabu. Mnaona? Wastani walishinda, wakali wakapotea. Kwa hiyo Mbowe.

Ngojeni kwanza. Mkutano ule ule wa Tabora haukuishia kwenye kukubali kura tatu. Ulidai serikali ya madaraka, na ukasema wazi kwamba isipopatikana chama kitaingia kwenye hatua za kushinikiza nchi nzima, migomo bila vurugu. Nyerere aliingia kwenye uchaguzi mbovu akiwa na kitu mkononi. Mkoloni alijua kwamba nyuma ya yule mwalimu mpole kuna watu wanaoweza kusimamisha shughuli. Ukiutoa ule mkono wa pili, huo haubaki uamuzi wa busara, unabaki ukarimu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mkoloni na ubaya wake wote alipanga masharti ya hovyo juu ya nani apige kura, lakini kura zilizopigwa zilihesabiwa na walioshinda wakatangazwa. Busara ya 1958 ilisimama juu ya hilo. Sisi tumetoka Novemba 27, 2024. Kote nchini wagombea wetu walienguliwa kabla hata kampeni hazijaanza, na tulipoamka CCM imetangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya viti vya vijiji, mitaa na vitongoji. Mtu anayeniambia "ingia tu, ushindi utaonekana kwenye sanduku" anieleze sanduku gani.

Ukitaka kuelewa siasa ya maridhiano, rudi nyuma kabla ya 1958. Rudi kwenye njia yenyewe.

Kwihara hii tunayoishi ilikuwa kituo cha misafara. Wageni huja kuangalia tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini tembe lilijengwa hapa kwa sababu ya njia. Bidhaa kutoka Bagamoyo zilifika Unyanyembe, zikagawanyika, nyingine kwenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Na msafara haukupita bure. Kila mtemi mwenye nchi alidai hongo. Siku zile neno hili halikuwa na aibu ya leo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: nguo, shanga, waya. Mlikaa nje ya boma siku mbili tatu mkibishana hesabu, mkilipa mnapita. Hayo ndiyo yalikuwa maridhiano, na hakuna mwenye akili aliyeyadharau, kwa sababu yalikuwa na tabia moja: ukilipa, unapita.

Mbowe alilipa hongo. Nasema kwa heshima. Alikamatwa Mwanza Julai 2021, akakaa ndani kwa kesi ya ugaidi mpaka Machi 4, 2022, na siku ile ile aliyotoka akaenda Ikulu kukaa na Rais aliyekuwa madarakani wakati wote akiwa mahabusu. Wangapi kati yetu tungeweza? Wengi tungeenda nyumbani kulala, au tungetoka na panga. Yeye alimeza, akakaa mezani. Na tusiwe watovu wa shukrani, kuna tulichopata. Mikutano ya hadhara iliyopigwa marufuku tangu 2016 ilirudi Januari 2023. Lissu mwenyewe, aliyepigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017 na kuishi Ubelgiji miaka mingi, alirudi na kupokewa mchana kweupe mwezi huo huo. Vijana wanaoandika kwamba maridhiano hayakuleta kitu wameyaandika hayo baada ya kutoka kwenye mkutano wa hadhara.

Ila tulivuka boma moja, na lililofuata limefungwa. Katiba mpya hakuna. Tume ilibadilishwa jina ikaitwa huru, wajumbe wake wanateuliwa na Rais. Uchaguzi wa vitongoji umesimamiwa na TAMISEMI vile vile. Septemba 2024 Ali Kibao alishushwa kwenye basi akaokotwa amekufa, na tulipotaka kuandamana Septemba 23 Mbowe na Lissu wakakamatwa siku moja. Siku moja, makamanda! Polisi hawakumuuliza nani ni wa busara na nani wa msimamo. Kwa hiyo swali kwa Mwenyekiti si kama aliuza chama. Hilo mimi silisemi na sina ushahidi wake. Swali ni hili: hongo tumelipa, njia haijafunguka, je, mpango ni kuongeza nguo na shanga? Nimesikiliza hotuba zake zote tangu Desemba 21 alipotangaza kutetea kiti. Nimesikia uzoefu, nimesikia umoja, nimesikia miaka aliyotoa na mali aliyotoa, na yote ni kweli. Jibu la swali hilo sijalisikia.

Na usipende kusahau tumeshajaribu wastani wa kila aina. Mwaka 2015 hatukupiga hata kura ya maoni ya maana. Edward Lowassa alitoka CCM Julai, akavaa gwanda, Dk. Slaa akaondoka. Tulipata kura zaidi ya milioni 6, asilimia karibu 40, na wabunge wengi kuliko wakati wowote. Sitabeza hilo. Lakini Machi 2019 Lowassa alirudi kwao. Mwaka 2020 tukawa na kura ya maoni ya kweli: Lissu, Lazaro Nyalandu na Mayrose Majinge. Nyalandu alikuwa waziri wa zamani, mpole, anazungumza lugha ya kila mtu, na wapo waliosema huyu ndiye atakayewatoa hofu watu wa kati. Baraza Kuu likampa Lissu kura 405 kati ya 442. Nyalandu alipata 36, na mwaka uliofuata tu akarudi CCM. Simwekei Mbowe dhambi za hao wawili, yeye ni wa chama hiki mpaka mifupa. Ninachosema ni kwamba hoja ya "tumweke asiyetisha" ina historia kwetu, na historia hiyo inaishia Lumumba.

Kwa hiyo ningekuwa mjumbe, kura yangu ni ya Lissu. Sasa nizungumze na wenzangu wa upande huu, maana hapa ndipo naogopa zaidi.

Tunaimba kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Maana yake tunafunga njia. Sawa. Njia hii iliwahi kufungwa kweli, na aliyeifunga alitoka hapo jirani, Urambo. Mwaka 1871 Mirambo aliziba njia ya Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe wakamwendea kwa vita, akawashinda, akaja kuchoma hadi sehemu ya Tabora yenyewe. Stanley aliyekuwa hapa Kwihara ilibidi azunguke kusini ili afike Ujiji. Mirambo aliweza kwa sababu alikuwa na watu njiani, rugaruga waliopangwa, wanaolishwa, wanaojua nani anawaamuru. Na hakufunga milele. Baada ya miaka michache alifanya amani, biashara ikapita tena, safari hii ikimhesabu. Yule mkali alikuwa anajadiliana tangu siku ya kwanza, ila kwa bei nyingine.

Sisi, tukisema tunafunga njia Oktoba, watu wetu wako wapi? Simaanishi rugaruga, tusije tukaletewa kesi. Namaanisha balozi wa chama kwenye kila kitongoji, mtu mwenye daftari la wanachama na simu inayopokelewa. Hesabuni matawi yenu wenyewe, acheni ya Dar es Salaam. Huku Kanda ya Magharibi mkulima wa tumbaku anasubiri malipo ya AMCOS, anadaiwa pembejeo, anauliza siasa yenu inahusiana vipi na bei ya kilo. Ukimjibu kwa Kiingereza cha kwenye fulana anakuacha umesimama. Tusipokuwa na huyo mkulima, kususa kwetu kutakuwa kama kwa Mtemvu: tutakuwa sahihi, tutakuwa wachache, na uchaguzi utafanyika bila sisi.

Lissu anaahidi ukomo wa uongozi ndani ya chama na utaratibu mpya wa viti maalum. Vizuri, na nampigia debe kwa hayo. Lakini sijasikia ratiba. Siku mia za kwanza anakwenda mikoa gani? Fedha zinatoka wapi, maana siku zote tulipokwama tulikuwa tunamwangalia Mbowe mfukoni? Masharti ya mabadiliko ni yapi hasa, manne, matano, na lipi tukilipewa tunaingia? Anayesema "yote au hapana" bila kuandika "yote" ni nini, hajadai kitu. TANU 1958 ilitaja ilichotaka na ikataja wakati.

Na jambo moja kuhusu sisi vijana. Misafara ile ilikuwa na kirangozi, anayetangulia na bendera, na nyuma yake wapagazi, Wanyamwezi wengi, kila mmoja na mzigo begani. Kirangozi akiwapotosha au posho ikikatika, wapagazi walitua mizigo usiku wakatoroka, na tajiri akaamka amezungukwa na marobota yake. Chama hiki kinabebwa namna hiyo hiyo. Jumatano asubuhi nusu ya wajumbe, au karibu na nusu, watakuwa wameshindwa. Tukiwazomea, tukiendelea kuwaita chawa, watatua mzigo. Na walio upande wa Mbowe ndio wengi waliokaa kwenye mabaraza ya kata miaka ishirini. Ndio wenye madaftari.

Wajumbe wa Tabora mnaosafiri wikiendi hii: kabla hamjapanda basi, mpigieni mgombea wenu, yeyote yule, mumuulize maswali ya hapo juu. Akiwajibu, tuandikieni hapa kwenye komenti alichosema, neno kwa neno. Akiwaambia "tutaona baada ya uchaguzi", andikeni hivyo hivyo.